Vitanda vitatu, nyonga tatu, bili tatu: nani hasa anapanga bei ya hospitali?

#1 KihambaChaBibi
Wakuu habari zenu. Bi mkubwa wangu aliteleza pembeni ya mfereji huko Kibosho akavunjika nyonga, tukamshusha hospitali moja kubwa ya huku kwetu, jina naliacha. Wodini wamelala kina mama watatu wamefuatana, wote wamevuka miaka 70, wote nyonga, wote wanatakiwa kuwekewa chuma.

Kitanda cha kwanza ni mama yangu, sisi ni keshi. Kabla ya kitu chochote dipoziti, halafu kila hatua kontrol namba mpya ya kulipia: picha, damu, chuma, usingizi, mpaka glavu na kanula zina mstari wake kwenye bili. Jumla ikasimama milioni mbili na laki nane. Kitanda cha pili mwalimu mstaafu ana NHIF, bima ya afya ya taifa, hakutoa hata mia, ila mwanae alionyeshwa fomu ya madai, nikaichungulia: chuma kimeandikwa bei ya chini kuliko tuliyolipa sisi, lakini vipimo vimejaa karatasi mpaka chini na siku za kulala ni nyingi kuliko za mama. Kitanda cha tatu bibi wa watu kutoka huko chini tambarare, ana msamaha wa ustawi wa jamii, mguu umevutwa kwa kamba na uzito unaning'inia mwisho wa kitanda, anasubiri chuma kipatikane. Sisi tumefanyiwa tumeondoka, yule bibi tumemwacha na kamba yake.

Ugonjwa mmoja, wodi moja, daktari yule yule. Mimi nasema anayelipa ndiye anayeamua matibabu, ugonjwa hauamui chochote. Na bei inapanda kila mwaka. Wenye uelewa naomba mnieleze, bei hizi anazipanga nani?

#2 ChaliiWaNgarenaro
Pole sana kwa mama mkuu. Hapo hujaweka nauli ya anayemuuguza, chakula cha kununua getini na shuka. Hiyo bili hainaga risiti kabisa.

#3 Mangi_Spea
Jibu jepesi, bima ndiyo imeharibu. Hospitali ikijua mgonjwa halipi mwenyewe inampima mpaka kucha. Huyo mwalimu wa kitanda cha pili ndo mfano wenyewe. Mie nakatwa 6% ya mshahara kila mwezi na sijaumwa miaka, hela yangu inaenda kupima watu vitu ambavyo hawaumwi.

#4 DadaWaMadai
Nafanya kazi dirisha la bima, hospitali siitaji, niko Arusha. Kwanza turekebishe hapo #3, wewe unakatwa 3% na mwajiri anaongeza 3%, jumla ndo sita. Na kwa hiyo sita unafunika mwenza na wategemezi wanne, hujalipa kwa ajili yako peke yako.

Sasa kuhusu chuma. Bima haitulipi bei tunayotaka sisi, inalipa kwa kitita chake, kila kitu kina bei iliyoandikwa. Kikija kitita kipya bei ya kitu ikashuka, sisi duka la chuma halijashusha. Kwa hiyo kwenye chuma tunapata hasara au tunatoka sare, tunafidia kwingine. Na usione fomu imejaa ukadhani hela imeingia. Nikituma mafaili ya mwezi kuna mtu anayakagua moja moja: hapa daktari hajasaini, hapa dawa haiendani na ugonjwa ulioandikwa, hapa tarehe ya kulazwa imegongana na tarehe ya kipimo, kata. Kinachobaki kinakuja baada ya miezi. Msambazaji wa dawa yeye anataka hela yake leo. Ni nani analeta hela ya leo hospitalini? Ni mama yake KihambaChaBibi. Ndiyo maana bei ya keshi iko juu.

#5 KihambaChaBibi
Dada asante kwa ukweli. Kwa hiyo sisi wa keshi tuliouza miti ya shamba letu la kihamba ndo tunamkopesha NHIF?

#6 DadaWaMadai
Kwa maneno yako ndiyo. Simlaumu mtu, naeleza ninachokiona mezani.

#7 Nesi_Mrombo
Jamani vipimo mnavionea. Mama wa miaka 70 na kitu huwezi kumlaza usingizi bila kujua moyo, sukari, figo na wingi wa damu. Mtu wa usingizi akikataa kuingia tieta, chumba cha upasuaji, bila majibu anamlinda mgonjwa. Na zile siku za ziada za mwalimu pengine ni za mazoezi, nyonga ukimrudisha mtu nyumbani hajafundishwa kusimama anarudi na vidonda vya mgongoni. Swali ambalo mngeuliza ni kwa nini mama wa keshi ALIPUNGUZIWA siku. Mara nyingi ndugu wenyewe ndo wanaomba, wanaona mita inasoma.

#8 KihambaChaBibi
Hilo kweli, sisi wenyewe tuliomba atoke.

#9 MzeeWaUchira
Vijana salaam. Mimi nimeanza kutibiwa kabla ya kontrol namba. Wakati wa Mwalimu Nyerere hospitali ya serikali ilikuwa bure, na mwaka 1977 ikatungwa sheria ya kuzuia hospitali za binafsi za biashara, yakabaki ya serikali na ya makanisa. 1991 wakafungua tena milango kwa binafsi. 1993 ukaja uchangiaji, tukaanza kulipa kidogo kidogo hospitali kubwa kisha ukashuka chini. Kabla ya hapo mzungu wa misheni alikuwa analeta dawa kwenye kontena, leo wafadhili wamepungua na hospitali ile ile ya kanisa inatakiwa ijilipie umeme, maji, vitendanishi na wafanyakazi wale ambao serikali haiwalipi. Hapo mnatafuta mchawi wa nini? Gharama ilikuwepo siku zote, ilikuwa inalipwa na mtu msiyemwona.

#10 Mangi_Spea
Shikamoo mzee. Lakini hiyo inaelezea kwa nini tunalipa, haielezi kwa nini inapanda.

#11 MzeeWaUchira
Marahaba. Dola inapanda, mafuta yanapanda, daktari bingwa anataka mshahara wa bingwa. Wewe spea zako za Fuso mbona hauuzi bei ya 2015?

#12 Mangi_Spea
Hapo mzee umenikamata, spea zote zinatoka nje.

#13 MwanaUchumi_Sakina
Nasoma uchumi wa afya kwa hiyo mnivumilie kidogo. Kila mtu hapo juu ameshika kipande. KihambaChaBibi amegusa kitu ambacho duniani wanahangaika nacho miaka mingi: NJIA ya kulipa inabadilisha tabia ya hospitali. Kuna njia kubwa tatu.

Malipo kwa kila huduma, ndiyo ya NHIF kwa sehemu kubwa na ndiyo ya keshi pia. Ukipima vitano unalipwa vitano, kwa hiyo hata daktari mwaminifu hakuna kinachomrudisha nyuma. Malipo kwa kichwa, hospitali inapewa kiasi kwa mwaka kwa kila mtu aliyejiandikisha pale, aje asije. Halafu malipo kwa kundi la ugonjwa, yaani nyonga iliyovunjika ina bei moja kamili kuanzia kulazwa mpaka kutoka, ukitumia glavu mia au kumi ni juu yako hospitali.

Hiyo ya tatu ingekuwepo, bi mkubwa na mwalimu wangekuwa na bei inayofanana na kila mtu angeijua kabla ya tieta.

#14 ChaliiWaNgarenaro
Lekcha imeanza, zimeni simu 😂 ila endelea chalii angu tunakusoma. Hiyo ya tatu si ndo ya Obama?

#15 MwanaUchumi_Sakina
Hapana, ya Obama ilikuwa 2010 na ilihusu zaidi kuwapa bima wasiokuwa nayo. Malipo kwa kundi la ugonjwa Medicare, ile bima ya wazee ya Marekani, ilianza nayo 1983 wakati wa Reagan. Kabla ya hapo hospitali zilirudishiwa gharama zozote zilizotumia, bili zikapaa. Baada ya 1983 siku za kulala wodini zikapungua kweli. Ila likaja lalamiko lingine, wazee wanaruhusiwa haraka kabla hawajapona sawasawa. Na baadhi ya hospitali zikajifunza kumwandika mgonjwa kwenye kundi la ugonjwa mzito zaidi ili bei iwe kubwa.

#16 Nesi_Mrombo
Mnaona sasa. Huyo mwalimu mngempa bei moja ya nyonga angetoka siku moja na mama wa keshi. Hospitali ikishafikia kiwango cha hela yake ya kundi, kila siku ya ziada ni hasara. Mimi ndo nitaambiwa na mkuu wa wodi "huyu anatoka leo".

#17 MwanaUchumi_Sakina
Sijakataa nesi. Hakuna njia ambayo haina ubaya wake, ndiyo maana wengi wanachanganya. Thailand walianza mpango wao 2002, mgonjwa analipa baht 30 tu akifika, hela kubwa inatoka kwenye kodi. Wagonjwa wa nje wanalipiwa kwa kichwa, wa kulazwa kwa kundi la ugonjwa, na juu yake kuna kikomo cha bajeti nzima ya mwaka ili bili isikimbie.

#18 MamaKe_Neema
Naomba nami niseme. Mwanangu ana tatizo la moyo tangu kuzaliwa. Nilimkatia Toto Afya Kadi, ile bima ya watoto ya NHIF, 50,400 kwa mwaka, nikawa nalala usingizi. Machi 2023 wakasitisha kuandikisha mtoto mmoja mmoja, wakasema wasajiliwe kupitia shule. Wangu alikuwa hajafika umri wa shule. Kadi ilipoisha sikuweza kuhuisha. Mnaongea njia ya kwanza njia ya pili, mimi niliuza cherehani mbili kati ya tatu kulipia vipimo vya moyo na dawa za mtoto. Nashona kwa ile moja iliyobaki, wateja wa sare wanakuja Januari wanakuta foleni wanaondoka.

Kadi imerudi, namshukuru Mungu na waliosikia kilio. Lakini naomba mjue ule muda ulipita juu ya watoto.

#19 KihambaChaBibi
Pole sana mama Neema. Mungu amponye mtoto.

#20 Kijana_wa_Njiro
Pole dada. Nitasema kitu kigumu ila kwa heshima. Sababu iliyotolewa wakati ule ni kwamba wazazi walikuwa wanaandikisha mtoto anapokuwa mgonjwa tu, wazima wanaachwa, kwa hiyo matumizi ya watoto yakazidi michango yao mara kadhaa. Mfuko wa namna hiyo haudumu. Lazima wazima waingie ili wagonjwa watibiwe, hata ingekuwa kampuni ya kaka yako ingefunga.

#21 MamaKe_Neema
Naelewa hesabu kaka. Lakini mimi nilikuwa na mtoto mmoja, na ndiye mgonjwa. Wa mzima ningemtoa wapi wa kumwandikisha? Mzazi anayekata kadi kwa sababu mtoto anaumwa hajaiba, amefanya kile kadi iliwekwa kwa ajili yake. Kama mlitaka wazima waingie, wangelazimishwa wote wakati ule ule, siyo kuwafungia mlango waliokwisha fika.

#22 Nesi_Mrombo
👏🏾 Sina la kuongeza.

#23 MzeeWaUchira
Mama Neema amejibu kuliko maprofesa.

#24 DadaWaMadai
Ndiyo maana ikaja Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, Bunge lilipitisha Novemba 2023. Wazo ni hilo la mama Neema, kila mtu ndani. 2022 muswada ulipoletwa mara ya kwanza ilitajwa 340,000 kwa kaya ya watu sita watu wakapiga kelele. Sheria yenyewe inataja vyanzo vingine vya hela kwa wasio na uwezo, kama ushuru wa vinywaji, vipodozi na michezo ya kubahatisha.

#25 ChaliiWaNgarenaro
Kwa hiyo mikeka ya kubeti inayochanika hapa Ngarenaro kila wikiendi inaweza kumlipia yule bibi wa kitanda cha tatu? Basi hapo nimechangia sana tayari.

#26 Mama_Boma
Mie nina kadi ya CHF iliyoboreshwa, mfuko wa afya ya jamii, niliikata 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Nipo Hai. Ukianzia zahanati yako na kufuata rufaa inakufikisha mpaka hospitali ya mkoa. Nasema ukweli kwa malaria, kujifungua na vidonda vya watoto imenisaidia, siisemi vibaya. Shida naiona kwenye dirisha la dawa. Presha yangu nameza vidonge vya aina mbili, kimoja mara nyingi hakipo, unaandikiwa karatasi unakwenda kununua mtaani. Sasa jumlisha kwa mwaka nimelipia kadi na dawa nimenunua.

#27 Mangi_Spea
Elfu thelathini gawa kwa watu sita ni elfu tano kwa kichwa kwa mwaka. Mama unategemea nini? Hiyo haifiki hata sahani mbili za nyama choma hapa Mbuyuni.

#28 Mama_Boma
Nategemea kilichoandikwa kwenye kadi baba. Kama elfu tano haitoshi waseme kumi tujadiliane, lakini kadi inayosema dawa ipo na dawa haipo inanifanya mwakani nisite kulipa. Na majirani zangu wameshasita.

#29 MwanaUchumi_Sakina
Hapo mama umefika kwenye shina. Mtu akisita, wanaobaki ni wagonjwa, mfuko unazidi kukauka, dawa zinazidi kukosekana.

#30 Fundi_Kiborloni
Nyie mnaosifia malipo kwa kichwa mbona yapo hapa hapa siku nyingi? Wanachama wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, tuna fao la matibabu, unachagua hospitali moja unaandikishwa pale na hospitali inalipwa kwa idadi ya walioandikishwa. Mie nilichagua moja ya karibu na karakana. Kila nikienda, mgongo, tumbo, jicho, natoka na dawa ile ile ya maumivu. Nikiomba picha naambiwa tuangalie kwanza. Niliangaliwa miezi, nikaenda kulipa keshi kwingine nikakutwa na mawe kwenye figo. Ukilipwa mtu aje asije, utapenda asije.

#31 MwanaUchumi_Sakina
Asante kwa kuleta hilo mkuu, ni kweli kabisa fao la NSSF ndivyo linavyolipa. Ghana nao walijaribu, bima yao ya taifa ya 2003 inaendeshwa kwa sehemu kubwa na tozo ya 2.5% kwenye bidhaa. 2012 wakaanza majaribio ya malipo kwa kichwa mkoa wa Ashanti. Watoa huduma walilalamika hela ndogo, wananchi wakalalamika kama wewe kufungiwa hospitali moja, siasa zikaingia maana wengine waliona mkoa wao umeonewa. 2017 wakasimamisha.

#32 Namanga_Mpakani
Ongezeni na jirani. Kenya waliua NHIF yao ya tangu 1966 wakaleta SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, Oktoba 2024. Mwenye mshahara anakatwa 2.75% ya mshahara wote, haina kikomo juu, na wa chini kabisa shilingi 300 za kwao kwa mwezi. Dada yangu ameolewa Kajiado ana kibanda cha mboga, wanamkadiria kipato kwa maswali ya simu, una ng'ombe wangapi, ukuta wa nyumba ni wa nini, jikoni unatumia nini, halafu unatoka na kiasi cha mwaka mzima kulipa kwa mkupuo. Anasema wa mboga hana mkupuo.

#33 MzeeWaUchira
Huyo wa Kajiado ni sawa na mkulima wa kahawa. Hela yetu inakuja msimu, ugonjwa hauna msimu.

#34 Kijana_wa_Njiro
Rwanda je? Mbona wale wameweza na ni maskini kuliko sisi?

#35 MwanaUchumi_Sakina
Rwanda bima ya jamii waliifanya lazima kweli, wakagawa kaya kwa makundi ya uwezo, maskini kabisa wanalipiwa, na uongozi wa kijiji unafuatilia nani kalipa. Waliomo ni zaidi ya 80%. Hospitalini mgonjwa bado anachangia 10% ya bili. Ni nchi ndogo pia na zahanati ziko karibu karibu. Sijui kama mtendaji wa Longido anaweza kufuatilia kaya zake kwa umbali ule.

#36 Laigwanan_Mdogo
Hawezi. Mimi ni wa huko. Sisi bima yetu ni mnyama. Mtu akiugua tunatoa dume linaenda mnada wa Meserani, ukame ukipita wanyama wamekonda bei imeshuka, na hospitali ya mjini bei iko pale pale. Ndugu yangu alisafishwa damu kwa ajili ya figo, mara tatu kwa wiki, kila wiki. Zizi halishindani na hiyo mashine. Tulifika mahali wazee wakakaa chini wakaulizana kama tuendelee. Hicho kikao sitaki kukiona tena.

#37 Nesi_Mrombo
Pole sana laigwanan. Na ndo inayonipa hofu kuliko hayo yote. Mnalaumu dola, bima, wafadhili, lakini angalieni nani yuko wodini. Zamani wodi ya ndani ilikuwa malaria na kuhara, unatibu wiki anaondoka. Sasa hivi ni sukari, presha, figo, kiharusi, saratani. Hawa hawaondoki, wanarudi maisha yao yote. Mbadilishe njia ya kulipa mara kumi, mgonjwa wa figo bado anahitaji mashine.

#38 DadaWaMadai
Nakubaliana nusu. Wagonjwa hao ni wengi kweli kwenye mafaili yangu. Lakini wizi usiusahau, kuna kadi inatibu mtu ambaye si mwenyewe, kuna faili lina dawa ambazo mgonjwa hakuziona. Hospitali zilizokamatwa zimefungiwa na watu wameshtakiwa, si siri.

#39 Mangi_Spea
Nilisema mimi!

#40 DadaWaMadai
Ulisema bima imeharibu. Mimi nasema kuna watu wanaiibia bima, ni vitu viwili.

#41 Kijana_wa_Njiro
Mnakumbuka Machi 2024 kitita kipya cha NHIF kilipoanza? Hospitali kadhaa kubwa za binafsi zikatangaza kusitisha huduma kwa wenye kadi, wakisema bei mpya hazifidii gharama. Mfuko ukasema bei zimefanyiwa utafiti na zinaendana na soko. Katikati mgonjwa amesimama na kadi mkononi. Mimi mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane, nilikimbia Arusha nzima kuuliza nani anapokea.

Kwa hiyo jibu la #1 mkuu, bei inapangwa na ugomvi wa wakubwa wawili, na wewe keshi huna kiti kwenye kile kikao.

#42 KihambaChaBibi
Hapa ndo nilipotaka tufike. Hakuna anayebishana kwa niaba ya keshi. Bima ina wakaguzi, hospitali zina umoja wao, mtu wa keshi ana grupu la WhatsApp la ukoo.

#43 MwanaUchumi_Sakina
Kuna sehemu moja Marekani, jimbo la Maryland, tangu miaka ya 1970 kuna tume inapanga bei za hospitali na WALIPAJI WOTE wanalipa bei hiyo hiyo, bima ya serikali, bima binafsi, asiye na bima. Kitanda cha kwanza na cha pili bei moja. 2014 wakaenda mbele, kila hospitali inapewa bajeti ya mwaka mzima, ikilaza wengi au wachache hela ni ile ile, ili isiwe na sababu ya kutafuta wa kulaza. Nchi nzima iliyobaki kila bima binafsi inapatana bei yake na ndiyo maana bili za kule zinatisha.

#44 MzeeWaUchira
Hilo la bei moja nalipenda. Nani apinge?

#45 DadaWaMadai
Mimi nitapinga mzee wangu, shikamoo. Bei moja ikiwa ya kitita cha bima, hospitali nyingi za huku zinafunga ndani ya mwaka. Ikiwa bei ya keshi, mfuko wa bima unafunga. Hiyo tume ya Maryland inajua gharama halisi ya kila hospitali, inazo hesabu. Huku kuna hospitali haijui yenyewe nyonga moja inaigharimu kiasi gani, inaangalia jirani anatoza ngapi.

#46 MzeeWaUchira
Marahaba. Basi waanze kuhesabu.

#47 Nesi_Mrombo
Na yule wa kitanda cha tatu mnamsahau kwenye bei moja. Yeye bei yake ni sifuri. Sera inasema mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bure, mjamzito na mtoto chini ya miaka mitano vilevile. Nzuri sana. Lakini anayelipa ile sifuri ni hospitali yenyewe kutoka kwenye makusanyo ya keshi. Kwa hiyo kila msamaha unaongezwa kwenye bili ya jirani. Ustawi wa jamii wana moyo, ninawaona, lakini hawana stoo ya vyuma.

#48 KihambaChaBibi
Hapo umenitoa jasho nesi. Kumbe bili ya mama ilikuwa na kipande cha yule bibi ndani yake na bado hakufanyiwa.

#49 Laigwanan_Mdogo
Kama kipande changu kinamtibu bibi mimi nalipa bila kinyongo. Ila waniandikie kwenye risiti.

#50 Fundi_Kiborloni
💯

#51 ChaliiWaNgarenaro
Dada wa madai, tupe mbinu ya mtu wa keshi, maana sheria na tume ni mbali na mimi nina shangazi analazwa wiki ijayo, uvimbe.

#52 DadaWaMadai
Kabla ya kulazwa omba makadirio ya maandishi, yenye mchanganuo siyo jumla tupu. Uliza kama kuna bei ya pamoja ya upasuaji huo, hospitali nyingine wanayo ila hawakwambii usipouliza. Kitu cha kununuliwa nje kama dawa au uzi wa kushonea uliza mapema, usingoje saa ya tieta muuzaji wa jirani akupige. Siku ya kutoka keti na bili mstari kwa mstari, dripu, sindano, siku za kitanda. Makosa ya kuingiza mara mbili yapo na yanafutwa ukionyesha kwa upole. Na lipia kontrol namba tu, asikupe mtu namba yake ya simu.

#53 ChaliiWaNgarenaro
Ubarikiwe dada angu. Nimechukua skrinshoti.

#54 Mangi_Spea
Bado nasimama na yangu, anayetumia hela ya mwenzie hana uchungu. Wekeni hata mchango mdogo kwa mwenye bima kila anapotibiwa muone vipimo vitakavyopungua.

#55 Mama_Boma
Vitapungua kweli, na watu watakaa na presha nyumbani mpaka waanguke. Mie mia tano ya nauli tu inanifanya niahirishe kliniki.

#56 Mangi_Spea
Wenye kipato walipe, wasio nacho wasamehewe.

#57 Namanga_Mpakani
Tumerudi kwenye kuhesabu ng'ombe na kuta za nyumba 😄

#58 Mjukuu_wa_Pasua
Samahani wakuu kwa kuingilia uzi, nimesoma wote. Babu yangu ana miaka 74, hana pensheni, hana kadi, tezi dume imeziba ana mpira wa mkojo. Tumeambiwa upasuaji. Huo msamaha tunauanzia wapi? Na nikishaanza kulipa keshi kidogo nakuwa nimeupoteza?

#59 Nesi_Mrombo
Pole mjukuu. Anza na mtendaji wa mtaa akuandikie barua inayosema babu ni mzee na hana uwezo, iwe na muhuri. Kitambulisho cha NIDA au cha mpiga kura kama anacho, cha wazee kama halmashauri ilimpa. Peleka ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ya serikali KABLA hajalazwa, siyo siku ya kutoka, siku ya kutoka utaonekana umekwama na deni. Hospitali ya binafsi hailazimiki kufuata msamaha huo, kwa hiyo angalia unampeleka wapi. Kulipa kidogo hakukupotezei ila mweleze ofisa ukweli umelipa nini na kwa nini, atakuuliza. Na mpira wa mkojo usikae zaidi ya tarehe uliyopewa kubadilisha, hata kama barua imechelewa.

#60 Mjukuu_wa_Pasua
Asante sana dada. Mtendaji ameniambia nije Jumatatu na mjumbe wa nyumba kumi.

#61 DadaWaMadai
Nenda na nakala mbili, moja ibaki kwako. Ya kwanza huwa inapotea kwenye faili.